Taa ya Mvuvi na Jicho la Ndani ya Ndoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwaloni Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika nchini Burundi, apolo za wavuvi zinaingia moja moja. Mitumbwi imefungwa pamoja kwa miti, wavu umelazwa katikati, na taa zilizowaka juu ya maji usiku kucha ili ndagala, dagaa wa ziwa hili, wapande sasa zimezimwa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni balbu za betri. Akina mama wamesimama na mabeseni, bei inapatana haraka, na muda si mrefu ndagala wameanikwa juani. Watoto wa shule wanatoka barabarani, ile inayokwenda Bujumbura, kilomita kama 75 kaskazini. Saa hiyohiyo baba zao wanavuta pazia ili walale.

Mvuvi mmoja wa makamo alinivuta pembeni asubuhi ya namna hiyo. Alijua kazi yangu ni afya ya akili.

“Daktari, nikuulize neno la aibu?”

“Niulize, kaka.”

“Mke wangu analala usiku, akiamka hana ndoto ya kusimulia. Mimi nalala asubuhi, naota mpaka nachoka. Na mara nyingine, ndoto ikiwa katikati, kuna mtu ndani yangu ananiambia: hii ni ndoto, usiogope. Huyo ni nani? Ni jini?”

Nilimwambia si jini, ni yeye mwenyewe. Jibu hilo ni la kweli ila ni fupi mno, na swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile. Safu hii ni jibu refu ninalomdai.

Nianze na ile asubuhi yenyewe. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una vipindi ambavyo macho hukimbia huku na huko chini ya kope, na mtu akiamshwa hapo, aghalabu husimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi takriban kila dakika 90, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo vinavyorefuka. Saa ya mwili nayo inavipendelea zaidi wakati wa asubuhi. Kwa hiyo mvuvi anayelala saa moja asubuhi anatumbukia moja kwa moja pale ndoto zinapotifuka. Zaidi ya hayo, usingizi wake unakatwakatwa: jua, redio ya jirani, mtoto analia, pikipiki inapita. Kila anapoguswa anaamka na ndoto bado mbichi. Mke wake naye anaota, tena mara kadhaa kila usiku, ila anapita juu ya ndoto zake bila kuamka, na zikipita zimepita.

Hilo ndilo rahisi. Gumu ni yule “mtu” anayesema usiogope.

Kiswahili hakina jina lililozoeleka la hali hiyo. Mimi naiita ndoto ya ufahamu: unaota, na papo hapo unajua kwamba unaota. Mholanzi Frederik van Eeden aliipa jina la kitaalamu mwaka 1913, baada ya kuandika ndoto zake kwa miaka mingi. Hata hivyo, wanasayansi wengi waliendelea kuona ni mkanganyiko wa maneno: anayejua hajalala, aliyelala hajui. Mabishano hayo yalikatwa na macho. Katika usingizi wa ndoto misuli karibu yote hulegezwa kabisa, lakini ile inayoendesha macho hubaki huru. Mwezi wa Aprili 1975, Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Hull, Keith Hearne alipatana na mwotaji Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni azungushe macho kushoto na kulia kwa namna waliyokubaliana. Mashine ilionyesha amelala, na alama za macho zikatokea. Stephen LaBerge wa Stanford alifika hapohapo kwa njia yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Mwaka 2021 maabara nne za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilivuka hata hapo: ziliwauliza waotaji hesabu ndogo wakiwa usingizini. Mmoja aliulizwa nane ukitoa sita, akajibu kwa kupeleka macho pande zote mara mbili.

Si jambo la watu wa ajabu, basi. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti za miaka 50 ulikuta kwamba kama asilimia 55 ya watu wamewahi kuota hivyo angalau mara moja, na kama asilimia 23 huota hivyo kila mwezi au zaidi. Mvuvi wangu yumo kwenye kundi hilo la pili.

Ili kumwelewa huyo “mtu” wa ndani, nigeukie sasa tafakuri. Nikisema tafakuri simaanishi kuwaza jambo kwa kina, kama mzee anayepima mahari. Namaanisha zoezi la kukaa kimya, kuweka akili mahali pamoja, kwa mfano kwenye pumzi, na kuirudisha kila inapotoroka. Wengi hudhani lengo ni kutotoroka. Wanakaa dakika tano, wanajikuta wanawaza deni la mafuta ya mashine, wanakata tamaa kwamba wameshindwa. Hawajashindwa hata kidogo. Ile nukta unapogundua “kumbe nilikuwa nimekwenda” ndiyo zoezi lenyewe. Pumzi ni kigingi tu cha kurudia.

Itazame nukta hiyo vizuri. Dakika moja kabla yake ulikuwa ndani ya hadithi: unagombana na mwenye duka, unamjibu, damu inachemka, na wala hujui kwamba umekaa kwenye mkeka nyumbani kwako. Kisha jicho la pili linafumbuka, linaona mwenye duka hayupo, ni mawazo. Ndoto imejengwa vivyo hivyo. Ni hadithi iliyokumeza mzima, na ndoto ya ufahamu ni kufumbuka kwa jicho lilelile la pili. Anayekaa na pumzi yake kila siku anafanya mazoezi ya tukio hilo mara thelathini, mara hamsini kwa kikao kimoja. Sioni ajabu likimtokea siku moja akiwa amelala.

Hiyo ni hoja. Ushahidi unasemaje? Utafiti ninaouheshimu kuliko mingine ni wa Benjamin Baird na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, uliochapishwa 2019. Waliwalinganisha watu waliotafakari kwa miaka mingi na wale wasiotafakari, na wakakuta wale wa kwanza huota ndoto za ufahamu mara nyingi zaidi. Halafu wakafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Wakawachukua watu wapya, wakawapa mafunzo ya majuma manane ya kutuliza msongo kwa tafakuri, kisha wakahesabu tena. Hakuna kilichoongezeka.

Hapo ndipo ninaposimama na ndipo ninapogombana na wauzaji wa kozi za simu. Majuma manane hayatoshi. Watakaokuahidi ndoto za ufahamu kwa siku 21 wanauza kitu ambacho kipimo makini hakikukiona. Utafiti wa Tadas Stumbrys na wenzake wa 2015 unaelekea upande huohuo: uhusiano kati ya uangalifu wa mchana na ndoto za ufahamu ulionekana kwa watu waliokwisha kuwa na uzoefu wa tafakuri, si kwa kila mtu anayejiona mwangalifu. Ni kweli pia kwamba kulinganisha si kuthibitisha. Huenda aliyezaliwa na jicho la pili kali ndiye anayependa kutafakari. Watafiti wa Berlin waliripoti mwaka 2015 kwamba wenye ndoto za ufahamu nyingi wana ujazo mkubwa zaidi katika sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, nyuma ya paji la uso, sehemu inayohusika na kufikiri juu ya fikra zetu wenyewe. Je, ubongo ulikuja na zawadi hiyo, au ulijengwa na mazoea? Kwa maoni yangu yote mawili yamo, na mazoea yanahitaji miaka, kama misuli ya mtu anayevuta wavu.

Rafiki yangu mmoja alinibishia: kama ni uangalifu, basi wavuvi wote wa Rumonge wangekuwa mabingwa, maana nani anaangalia kuliko mtu aliyekodolea taa macho usiku kucha akisubiri ndagala wakusanyike? Pingamizi hilo zuri lilinilazimisha nifikiri upya. Kumakinikia taa ni uangalifu unaokwenda nje. Mvuvi anajua maji yamebadilika rangi, anajua upepo wa kusini unakuja, anajua kivuli kile ni cha mukeke anayewinda ndagala. Hayo yote anaweza kuyajua huku akili yenyewe hajaigeukia hata mara moja. Ndotoni pia tunaangalia kwa makini sana, tunakimbia, tunajificha, tunatazama nyuma. Kinachokosekana si umakini. Kinachokosekana ni kugeuka na kumwona anayeangalia. Mkesha peke yake hauleti jambo hilo, ingawa unampa mvuvi kitu ambacho mtu wa ofisini hana: saa nyingi za ukimya, giza, na kusubiri.

Watibeti walilijua hili zamani. Katika mafundisho sita yanayohusishwa na Naropa, mwalimu wa karne ya 11, limo fundisho la ndoto, na mafunzo yake huanza mchana: mwanafunzi hutembea akijikumbusha kwamba hiki anachokiona kinafanana na ndoto, hadi mazoea hayo yaingie naye usingizini. LaBerge alichukua njia iliyo karibu na hiyo. Ukiamka kutoka ndotoni usiku, ikumbuke ndoto yako, kisha ukirudi kulala weka nia: nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba naota. Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi mtu akilala saa kadhaa, akaamka kwa muda, akarudi kitandani.

Msomaji wa Kiislamu wa Rumonge, au wa Buyenzi kule Bujumbura, ameshatabasamu. Kulala, kuamka kabla ya mapambazuko, kutia udhu, kusimama kwa utulivu, kisha kurudi kujinyoosha: huo ndio mwendo wa maelfu ya watu hapa kila siku, na haukuletwa na maabara. Watafiti wa Saudi Arabia, akiwamo Ahmed BaHammam, walichunguza usingizi wa namna hiyo unaokatwa na swala ya alfajiri, na mwaka 2012 waliandika kwamba haukuwaongezea watu kusinzia mchana, mradi jumla ya usingizi ilikuwa ileile. Ongeza hapo dhikri. Twarika ya Qadiriyya, iliyoenea kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ujiji na nchi za ng'ambo ya ziwa, ina utamaduni wa kurudia jina kwa pumzi na mwili mzima, na kuirudisha akili kila inapopotea. Kwa umbo lake ni ndugu wa kile wanachokipima Wisconsin.

Kwa lengo, hapana, na nataka nilitendee haki jambo hili. Anayefanya dhikri hamtafuti mwotaji mahiri ndani yake, anamtafuta Mola wake. Katika mapokeo ya Kiislamu ndoto njema ni kitu unachopewa. Sheikh akisikia nasema “elekeza ndoto yako”, ana haki ya kukunja uso. Lakini mapokeo hayohayo yanamfundisha aliyeota vibaya asilale tu akitetemeka: ajilinde kwa Mungu, ateme mate makavu kushotoni mara tatu, ageuze ubavu, asiisimulie. Yaani hata huko, mbele ya ndoto mbaya mtu ana la kufanya. Na hapo ndipo tunapofika kwenye sababu ya kweli ya mimi kuandika.

Mwambao huu una ndoto mbaya nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji yalianza upande huuhuu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na ukandamizaji wa serikali uliofuata ulimeza watu wengi sana nchi nzima. Wengi walikimbilia Tanzania. Watoto wao walizaliwa na kukua kambini. Kisha ukaja mwaka 1993 na vita vya miaka mingi. Waliorudi walikuta mashamba ya michikichi yana watu wengine, na baadhi walijengewa vijiji vipya kama Gatete na Mutambara. Mtu anaweza kumaliza kesi ya shamba na bado akakimbizwa kila usiku na watu waliokufa zamani.

Kwa mtu kama huyo kuruka angani ndotoni ni mchezo wa watoto. Anachohitaji ni kuweza kusimama. Mwaka 1997 Antonio Zadra na Robert Pihl wa Kanada walieleza habari za wagonjwa watano waliotibiwa jinamizi la kujirudia kwa kufundishwa kujitambua ndotoni. Mwaka 2006 Victor Spoormaker na Jan van den Bout wa Uholanzi walijaribu njia hiyo kwa watu 23, na majinamizi yakapungua. La kustaajabisha ni kwamba baadhi walipata nafuu bila kuwahi kujitambua ndotoni hata mara moja. Kujua tu kwamba hadithi inaweza kubadilika kuliwapunguzia hofu. Ndiyo sababu mimi hupendelea njia nyepesi zaidi: mgonjwa, mchana, akiwa macho, anaandika au anasimulia upya ndoto yake kwa mwisho mwingine, kisha anaurudia kichwani kila siku. Barry Krakow na wenzake waliipima kwa wanawake 168 walionusurika unyanyasaji wa kingono, wakachapisha mwaka 2001, na ilisaidia.

Tafakuri nayo imepimwa kwa majirani zetu. Mwaka 2013 Brian Rees na wenzake waliripoti juu ya wakimbizi wa Kongo walioko Uganda: 21 walifundishwa tafakuri ya kurudia neno, 21 wakawa wa kulinganisha, na ndani ya siku 30 dalili za kiwewe kwa waliofundishwa zilishuka sana. Nafurahi kusoma hivyo, lakini nasoma kwa makini: makundi ni madogo, hayakugawanywa kwa kura, na miongoni mwa watafiti walikuwamo watu wa jumuiya inayofundisha tafakuri hiyohiyo. Kwa kulinganisha, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wa kawaida kuwasaidia wenzao kusimulia maisha yao kwa mpangilio. Washiriki walikuwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na matokeo ya 2008 yalikuwa mazuri. Mtu akija kwangu na jinamizi la 1993, ndiyo njia ninayoitafuta kwanza, na Burundi ina pa kumpeleka: kituo cha Kamenge cha magonjwa ya akili, na shirika la THARS lililoanzishwa na Wakweka mwaka 2000. Ndoto ya ufahamu naiweka baada ya hapo, kwa aliyekwisha kupata ardhi ya kusimamia.

Kuna wanaopaswa kukaa nayo mbali. Aliyewahi kusikia sauti zisizokuwapo, au kuchanganyikiwa kuhusu lipi kweli lipi si kweli, asicheze na mpaka huo. Anayekabwa na jinamizi, yule anayeamka akili ikiwa macho na mwili umekufa ganzi, ajue kwamba kukatakata usingizi kunaweza kumzidishia; huo ni ule ulegevu wa misuli wa ndotoni uliochelewa kumwachia, hauui. Na kabla ya kumlaumu mzimu au shetani, tazama unachokunywa. Pombe ya ndizi ya jioni, urwarwa, huzibana ndoto mwanzoni mwa usingizi, halafu huzifumua kwa nguvu karibu na kuamka. Efavirenz, dawa ya virusi vya Ukimwi iliyotumika kwa miaka mingi, na mefloquine ya malaria, zote zinajulikana kwa kuleta ndoto kali. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Mwambie muuguzi; tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeiweka dolutegravir mbele ya efavirenz.

Kwa mvuvi wangu, basi, sikumwambia aweke kengele ya kumwamsha. Mtu anayelala kwa saa tano tu, mchana wa jua kali, hana usingizi wa kukata. Nilimwambia atumie kile kipindi wavu umeshuka, taa zinawaka, na si zamu yake ya kuangalia maji. Akae, asikie pumzi ikiingia na kutoka, na kila akigundua akili imekwenda nyumbani au sokoni, aseme moyoni: nilikuwa nimekwenda. Arudi. Robo saa inatosha. Yule anayemwambia usiogope asimfukuze wala asimtume kazi, amsikilize kwanza.

“Kwa siku ngapi?” akauliza.

“Miezi mingi, kaka. Usihesabu.”

Akacheka, akasema yeye huhesabu kwa mwezi wa angani, si wa kalenda. Mbalamwezi ikijaa, nuru imetapakaa juu ya ziwa lote, ndagala hawaijali taa tena na apolo hulala nchi kavu. Hizo ndizo siku chache anazolala usiku kama mkewe. Tukakubaliana kwamba katika siku hizo, akiamka kabla ya mapambazuko kwa swala, arudi kitandani na ile nia, na asubuhi anisimulie alichoona. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita kujaa.